Muulize Padre: Paroko wetu shuleni tunamwona mahafali tu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padre. Mimi ni mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) huku upande wa Chamwino na nipo kamati ya shule. Paroko wetu ni kijana mzuri tu, homilia fupi, hana makuu, ila akimaliza Misa ya asubuhi anawasha pikipiki huyooo, jioni ndo unasikia imerudi. Shule ya msingi iko hapo ng'ambo ya korongo lakini kule tunamwona siku ya mahafali basi. Watoto wanakuja mafundisho ya kipaimara hata Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, hawaijui. Hivi siku nzima anafanya nini? Na tumwingizeje shuleni bila kuonekana tunampangia kazi?

JIBU: Milele amina mama. Hapo kwenye huyooo nimecheka maana hata mimi waumini walikuwa wananisema hivyohivyo, na pikipiki yangu ilikuwa na kelele kuliko ya huyo wenu.

Sijui ratiba yake, naweza kukupa yangu nilipokuwa na vigango tisa, yaani makanisa madogo ya vijijini chini ya parokia. Saa kumi na moja nimeamka, masifu, Misa saa kumi na mbili na nusu, nikivua tu mavazi barazani wameshakaa watu: huyu anataka cheti cha ubatizo na hakumbuki alibatizwa mwaka gani, yule mume kamfukuza usiku, mwingine kaja kunisalimia tu ila hasemi shida yake mpaka wenzake waondoke. Hapo chai haijanywewa. Simu inaita, mgonjwa kigango cha mwisho anahitaji mpako wa wagonjwa, naenda, narudi nakuta msiba, jioni jumuiya, usiku nahesabu zaka na mhazini kwa tochi ya simu. Na Januari korongo likijaa unalala hukohuko ulikokwenda, ukipewa ugali wa uwele na mlenda unashukuru Mungu. Kwa hiyo usiseme anazurura, mama.

Ila shule nayo si hisani, ni sehemu ya kazi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 528, inamtaka paroko ashughulikie kwa namna ya pekee malezi ya Kikatoliki ya watoto na vijana. Kwa hiyo lalamiko lako lina haki yake.

Sasa nikwambie nilivyoharibu mimi. Nilienda sekondari na kanzu nyeupe imepigwa pasi, na barua yenye muhuri wa parokia, naomba kipindi cha dini. Mkuu wa shule akanipokea vizuri sana, barua akaiweka kwenye droo chini ya daftari la mahudhurio, na ikabaki hapo. Nikaanza kusema moyoni huyu ana jambo na Wakatoliki. Kumbe hapana, siku moja msibani mwalimu wa taaluma akaniambia, "Padre, nyie mkija huwa mnataka kitu, darasa, ukumbi, watoto wa kwaya." Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Basi nikaanza kwenda kila Jumatano saa nne, muda wa chai, na karanga kwenye mfuko wa nailoni, nakaa na walimu staff room, siombi kitu. Tunaongelea mvua, bei ya mtama, Yanga. Baada ya kama mwezi mwalimu wa malezi akanivuta pembeni, kuna binti haji shule wiki ya tatu, anatoka kigango changu kimoja, je namjua mama yake? Namjua. Nikaenda. Hapo ndo mlango ulifunguka, kipindi cha Ijumaa nikapewa bila hata kuomba tena.

Halafu nikakikosa Ijumaa tatu mfululizo! Misiba. Watoto wanakaa wenyewe wanapiga kelele, ustaadh aliyekuwa anafundisha Waislamu darasa la jirani akaja akawatuliza na kuwapa hesabu za kugawanya. Nilipoambiwa sikujua niangalie wapi. Tangu hapo kipindi nikampa katekista moja kwa moja, mimi nikawa naenda Ijumaa ya kwanza ya mwezi tu, na hiyo siikosi. Shule haisumbuki kwa padre kuja mara chache, inasumbuka kwa padre ambaye haijui atakuja lini.

Kwa hiyo wewe mama, usimwambie "Padre huendi shuleni". Uko kwenye kamati, ongea kwanza na mwalimu mkuu, akupe siku, saa na darasa, ndo umpelekee paroko kitu kilichoiva. Halmashauri ya walei ikubali nauli ya bodaboda ya katekista, maana wengi wanatembea kwa miguu na tunawalaumu wakichelewa. Sekondari tafuteni mwalimu mmoja Mkatoliki awe mlezi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki. Na yeyote anayeenda kwa niaba ya parokia akae na watoto mahali pa wazi, mlango wazi, asibaki na mtoto peke yake, hata kama ni mtakatifu.

Jambo moja la kuzuia: wazee wakianza "ile shule ilijengwa na misheni, ni yetu". Huku kwetu wamisionari wa shirika la Wapasionisti walijenga kweli, Dodoma ilifanywa eneo la kitume, hatua ya kabla ya kuwa jimbo, mwaka 1935, lakini baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule nyingi za misheni zikawa za serikali. Ukiingia ofisini na hoja hiyo umeshapoteza chai yako.

Nasadiki sasa, hiyo mama ni ya nyumbani kwanza. Muulize na baba yao kama anaijua.

SWALI: Padre, form four wetu wanataka Misa kabla ya mtihani wa Novemba, shule ni ya serikali na nusu ni Waislamu na Waanglikana. Inaruhusiwa? (Kijana, Mpwapwa)

JIBU: Ombeni ruhusa kwa mkuu wa shule mapema, iwe nje ya muda wa masomo, asilazimishwe mtu. Sisi tulimaliza Misa, shehe akaomba dua yake, mchungaji naye, wote tukala wali uleule.