Sakafu ya Mbao Haitaki Ndoo ya Maji

Wengi wetu hapa Mombasa tumelelewa juu ya saruji na vigae. Idd ikikaribia, usafi mkubwa ni kumwaga maji, kutia sabuni ya unga, kusugua kwa ufagio wa chelewa, kisha kuyasukumia maji mlangoni. Ukihamia nyumba yenye ghorofa ya mbao pale Mji wa Kale, au fleti ya zamani yenye vibao vidogo vilivyopangwa mshazari, mkono wenyewe unakwenda kwenye ndoo. Uzuie.

Mbao hunywa maji. Zikinywa huvimba, zikikauka husinyaa, na kadiri hali hiyo inavyojirudia ndivyo nyufa zinavyopanuka na kingo za ubao zinavyoinuka. Kwetu pwani hewa yenyewe imejaa unyevu na chumvi, na chumvi huvuta unyevu zaidi. Ndiyo maana sakafu ya karibu na dirisha linaloelekea baharini inanata miguuni hata kama iliguswa na tambara jana. Tena mara nyingi mbao zako ndizo dari ya jirani. Mwenye nyumba wetu aliwahi kuleta vijana wa usafi na mashine yao ya kurushia maji. Hawakufika hata katikati ya chumba, bibi wa chini akapanda ngazi, kanga imelowa begani: “Wanangu, huku mnaosha au mnazamisha jahazi?”

Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni ya ukavu. Maji huja mwishoni, tena kidogo.

Chagua majira kwanza. Mimi hungoja kaskazi, Januari na Februari, mvua zikiwa haba na upepo unapita dirisha hadi dirisha. Masika ya Aprili na Mei sigusi. Kama Idd imeangukia humo, nafagia, napangusa na kutandika, basi.

Toa kila kitu chumbani, kisha shughulika na mchanga. Watoto wakirudi ufuoni huuleta kwenye ndara na mifuko ya kaptura, na kila anayeukanyaga anasugua sakafu kwa msasa bila kujua. Fagia kwa ufagio laini kufuata nyuzi za ubao, au tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye kichwa cha brashi. Nyufa zinataka subira: piga magoti na kijiti cha mshikaki, uchokoe taratibu. Zitatoka punje za wali, shanga, pini za mtandio, na uchafu mweusi ulioshikana kama nta. Usitumie kisu, kinachana kingo.

Ukiwa umeinama hivyo, tazama pia vishimo vidogo vya mviringo. Ukikuta unga laini umejikusanya kando yake, kuna wadudu wanaokula ubao. Ukikuta vijia vya udongo ukutani au chini ya ubao, hao ni mchwa. Hapo usafi usimame, umwite fundi. Watu humimina mafuta ya taa kwenye vishimo hivyo; mimi nakataa kabisa. Harufu yake haitoki upesi, na nyumba iliyoloweshwa mafuta ya taa huku jiko la makaa na chetezo viko ndani inangoja cheche tu.

Kabla ya kuleta maji, jua sakafu yako imepakwa nini. Dondoshea tone la maji mahali pasipoonekana, chini ya kitanda tuseme, ungoje dakika chache. Likibaki limesimama, vanishi au nta ingali nzima. Likizama na kuacha doa jeusi, ubao uko uchi, na maji hayapaswi kuusogelea. Kisha chovya pamba kidogo kwenye tapentaini, usugue kwenye kona. Ikitoka na utando wa manjano au kahawia, hiyo ni nta, na nta hutunzwa kwa nta. Ukiipangusa kwa maji itafanya madoa meupe.

Kwenye vanishi nzima, tia kijiko kidogo kimoja au viwili vya sabuni laini ya kuoshea vyombo katika lita nne au tano za maji ya uvuguvugu. Usitie jiki wala magadi. Chovya tambara, likamue mpaka ukilibana tena halitoi hata tone. Pangusa eneo dogo, kama mita moja ya mraba, urudie na tambara la maji matupu lililokamuliwa vivyo hivyo, halafu ukaushe papo hapo. Ubao ukibaki na unyevu unaong'aa baada ya dakika moja au mbili, hukukamua vya kutosha. Badilisha maji mara nyingi, maana maji machafu yanahamisha uchafu tu. Mashine za mvuke usikubali hata ukipewa bure, kwani mvuke hupenya penye nyufa ndogo kabisa.

Siki, najua, inasifiwa kila mahali. Ni asidi, na vanishi hufifia ukiizoeza. La hatari zaidi ni kuichanganya na jiki, au jiki na dawa ya chooni: hutoka gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na vyumba vyetu vingine vina dirisha moja tu. Dawa ya vioo yenye amonia nayo isikutane na jiki.

Madoa yana tabia zake. Nta ya mshumaa igandishe kwa barafu iliyo ndani ya mfuko, kisha uikwangue kwa kadi ya plastiki. Hina iliyomwagika juu ya vanishi nzima pengine itatoka ukiwahi. Ikiingia kwenye ubao uchi, imekuwa mwenyeji. Kaa lililoanguka kutoka kwenye chetezo limeunguza ubao wenyewe, kwa hiyo sabuni haina la kufanya hapo, ni msasa wa fundi. Weusi unaozunguka vichwa vya misumari ni kutu iliyokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti. Mafundi huutoa kwa asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na inataka glavu, miwani na mkono uliozoea. Mimi wangu nimeuacha. Nyumba ya zamani ina haki ya kuonyesha misumari yake. Ila usisugue kwa waya wa sufuria: vipande vyake hubaki ubaoni, hupata kutu, na unaongeza weusi uleule.

Mwishoni watu hutaka mng'ao, na kwa vile tuko pwani mtu hukimbilia mafuta ya nazi. Hayo hayakauki. Yanakaa juu, yanavuta vumbi, yanachacha, na sakafu inateleza. Kwa sakafu ya nta, paka nta nyembamba kwa tambara, iache ikauke, kisha usugue kwa kitambaa cha sufu. Madirisha yawe wazi, na siku hiyo udi haufukizwi, kwa sababu mvuke wa tapentaini iliyomo hushika moto.

Ubao usio na vanishi wala nta hupakwa mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, yanayouzwa kwenye hadiwea. Paka membamba, futa yote yaliyobaki juu, na ujue kwamba kwa unyevu wetu huchukua muda mrefu kukauka kuliko kopo linavyodai. Matambara yaliyofutia mafuta hayo usiyakunje na kuyatupa pipani. Mafuta ya linsidi yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyosongamana yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje penye upepo hadi yakakamae, au yazamishe kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Mwambie na anayekusaidia kazi, asije akayakusanya jioni kwa wema wake.