Darasa la Watoto 90: Kwa Mwalimu Anayeripoti Shule ya Msingi ya Serikali

Mwalimu wa ajira mpya anaporipoti katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, huwa ametoka chuoni na namba moja kichwani: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 na chumba kimoja kwa wanafunzi 45, isipokuwa elimu ya awali ambako kiwango ni watoto 25. Siku anapokabidhiwa darasa la pili lenye watoto 90, wanne wanne kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watatu na wengine wameketi sakafuni karibu na ubao, hudhani kuna mtu aliyevunja sheria. Ni vyema aelewe mapema kwamba 45 ni kipimo cha kupangia, si cha kukatalia. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1998 iliweka ukomo wa watoto 30 kwa mwalimu mmoja katika madarasa ya watoto wa miaka 5 hadi 7, na shule iliyojaa inaweza kumkataa mtoto wa 31, ukiacha sababu chache zilizotajwa. Kwetu elimu ya msingi ni ya lazima, na mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumrudisha nyumbani mzazi aliyeleta mtoto kuandikishwa eti kwa sababu vyumba vimejaa. Ada ilipofutwa, kisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002, uandikishaji ulipanda kutoka wanafunzi milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004, na michango ilipoondolewa mwaka 2016 likaja wimbi jingine. Watoto waliingia kwa mwaka mmoja. Vyumba na walimu hufuata kwa miaka.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi si ukubwa wa darasa, ingawa katika vikao vingi mambo haya mawili huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Chukua shule yenye wanafunzi 630, walimu 14 na vyumba 7. Gawanya wanafunzi kwa walimu, utapata 45 kamili, na kwenye taarifa inayopelekwa halmashauri shule hiyo haina upungufu wa ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, hata wa mtu mmoja. Sasa gawanya kwa vyumba, utapata 90. Walimu saba wako darasani na saba wako ofisini wakisahihisha au wakisubiri kipindi, kwa kuwa hakuna mahali pa kuwaweka. Baadhi ya shule hujinasua kwa kufundisha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na zamu hizo zikipangwa vizuri husaidia kuliko watu wanavyozisema. Kwa hiyo usiridhike na namba uliyoambiwa siku ya kuripoti. Omba idadi ya vyumba vinavyotumika na mikondo ya kila darasa, yaani makundi ambayo darasa limegawanywa kwa kusomea, kisha hesabu mwenyewe.

Katika wiki ya kwanza, jambo lenye faida kuliko yote ni kuhesabu waliopo. Andalio la somo lina jedwali lenye safu za wavulana, wasichana na jumla, la walioandikishwa na la waliohudhuria, na walimu wengi hujaza safu ya pili kwa kunakili ya kwanza. Usifanye hivyo. Pengo kati ya safu hizo mbili ndilo litakalokuonyesha ni watoto gani hupotea siku za gulio au msimu wa kuvuna, na katika darasa la watoto 90 mtoto anaweza kukosekana wiki nzima bila mtu kugutuka. Wape wanafunzi nafasi za kudumu za kukaa na uchore ramani ya darasa ukurasa wa nyuma wa daftari lako, kwa sababu hutajua majina yao kwa njia nyingine yoyote. Acha upenyo wa kufika dawati la mwisho, hata ikibidi kubana madawati mengine.

Kinachoelemea zaidi ni kusahihisha. Ukitumia nusu dakika tu kwa kila daftari, madaftari 90 yatakula dakika 45, na kipindi cha darasa la tatu hadi la saba ni dakika 40. Ndiyo maana utaona madaftari yenye alama ya vema ukurasa mzima, hata juu ya hesabu iliyokosewa. Ushauri wangu ni kuligawa darasa katika makundi matano ya watoto 18. Kila siku zoezi la wote lisahihishwe kwa pamoja ubaoni, halafu ukusanye madaftari ya kundi moja na kuyasoma kwa dakika mbili kila moja; hizo ni dakika 36, na ndani ya wiki kila mtoto amepata jicho lako kamili. Ratiba hiyo iandike katika andalio, ili mthibiti ubora wa shule akiuliza kwa nini daftari fulani halina alama ya jana, jibu liwe mbele yake.

Jihadhari pia na itikio la pamoja. Darasa kubwa hujibu kwa sauti moja, “Ndiyo, mwalimu!”, na mwalimu aliyechoka huichukua sauti hiyo kuwa ushahidi wa kuelewa, ilhali wanaojua ni thelathini na waliobaki wanafuata mdundo. Hatari yake ni kubwa zaidi darasa la kwanza na la pili, ambako kusoma, kuandika na kuhesabu ndio msingi wa yote: kipindi cha dakika 30 kikigawiwa watoto 90, kila mmoja hupata sekunde 20 za kusoma kwa sauti. Msomeshe mtoto mmoja mmoja kutoka kundi la siku hiyo, wengine wakinakili. Na kelele zikizidi, usikimbilie fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinaiacha kwa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa makosa mazito tu, na sauti ya darasa lililosongamana si kosa la mtoto.

Mwisho, kuna jambo moja ambalo nadhani shule zetu nyingi hulipanga kinyume. Darasa la saba hugawanywa mikondo miwili na kupewa walimu wazoefu kwa sababu ya mtihani wa taifa, huku darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko yote likibaki chumba kimoja na mwalimu mgeni, ambaye huenda ukawa wewe. Ukilikuta hilo, lipeleke kwa mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, kabla ya kikao cha walimu cha kugawa madarasa, ukiwa na karatasi yenye wastani wa wanaohudhuria kwa mwezi, idadi ya madawati, na orodha ya watoto wasioweza kusoma silabi. Omba mkondo wa pili hata kwa vipindi vya kusoma peke yake, katika chumba ambacho darasa jingine limekiacha kwa ajili ya michezo au kazi za nje, na utaje mwalimu aliye huru saa hiyo kwa kufuata ratiba iliyobandikwa ofisini.