Nilitafuta mbegu za azalea, nikarudi na pembe

Shangazi yangu anaishi Georgia, Marekani. Kila Aprili hunitumia picha za kichaka kilicho nyuma ya nyumba yake, maua ya rangi ya chungwa kama makaa yaliyopulizwa sasa hivi. Si azalea za dukani hizo. Ni za kienyeji, za jamii zinazoota zenyewe kwenye misitu ya milima ya Appalachia. Mwaka niliohamia Umoja, mtaa wa Nairobi, nikapata baraza linalopigwa na jua la asubuhi, nikamwomba mbegu.

"Ngoja vuli yetu, mwanangu," akasema. "Vile vibegi vyake vikigeuka kahawia nitavichuma kabla havijapasuka, nikutilie ndani ya kadi."

Mbegu za azalea ni kama vumbi. Huzifukii, unazinyunyizia juu ya kuvumwani (moss) ya msituni yenye unyevu na kuziacha zione mwanga. Nilikuwa nimeshasoma hayo yote na kuandaa kopo. Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni hiyo kadi. Mbegu haziingii Kenya kwa kadi ya Krismasi. Unatakiwa upate kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mzigo haujatoka huko, na mzigo wenyewe uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi inayotuma. Nikamwambia shangazi asitume. Alinuna wiki nzima.

Hata zingefika, sijui ningezilea vipi. Azalea za kule zimezoea baridi ya kweli na udongo wenye uchachu. Huku kwetu Eastlands ni udongo mweusi wa pamba, ule unaokamata viatu mvua ikinyesha, na mfereji wa ploti unatoa maji ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Na za hapa kwetu je? Hakuna. Bara zima la Afrika halina azalea ya asili hata moja.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja anayeuza miche kando ya Jogoo Road. Nilimuuliza kama ana mbegu za azalea.

"Mbegu sina, kijana. Lakini hebu ona hii," akanigeuzia chungu. "Kwetu Mtito Andei inaota kwa mawe na hakuna mtu huimwagilia."

Lilikuwa waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum. Shina limevimba chini kama kiazi kikuu, maua ya waridi yamekaa juu kama tarumbeta. Wazungu wana jina lake jingine ambalo maana yake ni azalea bandia, ingawa hakuna udugu wowote: jamaa zake ni oleanda na frangipani. Lakini kilichonikamata jicho si ua. Kwenye tawi moja kulikuwa na maganda mawili yamegawanyika huku na huku, kama pembe za mbuzi.

Basi ukitaka mbegu, tafuta pembe. Usitafute pakiti. Kwenye intaneti utaona mbegu za waridi la jangwani la bluu. La bluu halipo, ni picha tu iliyopakwa rangi. Na hata pakiti ya kweli haikwambii mbegu zimekaa miezi mingapi kwenye rafu. Mbegu hizi zikiwa mbichi huota karibu zote, zikizeeka zinakufa kimyakimya. Mimi sasa nikipita mahali nikaona mmea uliokomaa, langoni kwa mtu au kwenye hoteli ya barabara ya Mombasa, nachungulia matawi. Nikiona pembe nabisha hodi. Hakuna aliyewahi kuninyima, ila wengi hushangaa kwamba kile kitu kina mbegu. Hapa Nairobi mtabisha hodi nyingi, kwa sababu maua yake hayashiki mbegu kirahisi. Bomba la ua ni refu na chavua imefichwa ndani kabisa. Kadiri unavyoteremka kuelekea joto ndivyo pembe zinavyoongezeka. Ila ndani ya hifadhi ya Tsavo usiokote hata jani, ni kosa kisheria.

Pembe huchukua miezi miwili mpaka mitatu kukomaa, na hapo ndipo nilipochezwa mara ya kwanza. Mzee aliniuzia chungu chenyewe na pembe zake. Nikakiweka barazani, nikawa nazipapasa kila jioni kuona kama zimekauka. Jumamosi moja nikaenda sokoni. Kurudi, ganda moja limefunguka kama mdomo, tupu. Kila mbegu ina kishungi cha manyoya upande huu na upande huu, kwa hiyo upepo ukipita inabiringika kama gurudumu. Nilizikuta kwenye sare za shule za watoto wa Mama Brayo zilizoanikwa ghorofa ya chini, moja hapa moja pale, nikazichambua kwenye soksi na masweta huku yeye akiniangalia mikono kiunoni. Nilipata kumi na moja.

Ganda la pili nilikata kipande cha stokingi kuukuu, nikalivisha na kulifunga kwa uzi. Lilipasuka siku nne baadaye na mbegu zote zikabaki ndani: vijiti vya kahawia, virefu kidogo kuliko punje ya mchele wa pishori. Tangu hapo stokingi haitupwi kwangu.

Kupanda ni rahisi ukichagua mwezi. Zile kumi na moja nilizipanda Julai kwa pupa, baridi ya Nairobi ikazigandisha kwenye unyevu zikaoza zote. Za pili nilingoja Februari. Nilikata vishungi, nikaziloweka saa chache kwenye maji ya uvuguvugu, nikazilaza kwenye mchanganyiko wa mchanga mkavu wa mto na samadi iliyooza kidogo tu, nikazifunika kwa mchanga mwembamba usiozidi unene wa shilingi. Juu nikaweka kifuniko cha plastiki cha keki. Siku ya sita vichwa vya kijani vilikuwa nje. Maji nilitumia ya mvua niliyokinga kwenye jerikeni. Ukikosa, ya mfereji si mwisho wa dunia, huu mmea si azalea. Kitakachouua ni chungu kisicho na tundu.

Kuna watakaokwambia kata tawi uchomeke, ni haraka zaidi. Kweli ni haraka, lakini mche wa tawi mara nyingi haupati lile tumbo, na mimi tumbo ndilo nililolipendea.

Kama una watoto, sikiliza: utomvu wake ni sumu, ile ile iliyokuwa ikipakwa mishale ya kuwindia. Mimi naweka vyungu juu ya kabati la nje, na nikishakata chochote nanawa kwa sabuni kabla sijagusa jicho.

Miche yangu ya Februari ilichanua baada ya miaka miwili, na Mama Brayo akaja kuomba mmoja, kwa hiyo nadhani amesamehe. Wiki hii kuna pembe mbili barazani zimevaa stokingi ya buluu. Nilimtumia shangazi picha, akajibu hapohapo kwamba anataka mbegu, nimtilie kwenye kadi. Nimemwambia kwanza aulize huko kwao kibali kinapatikana wapi.