Maswali na Majibu: Eneo la Uso na Ujazo wa Maumbo

Swali: Mwalimu, tangi langu la maji ni mche duara (umbo kama kopo) wenye kipenyo cha sentimeta 120 na kimo cha sentimeta 150. Nikikokotoa ujazo napata namba kubwa mno. Nitajuaje linabeba lita ngapi?

Jibu: Badilisha vipimo viwe meta kabla ya kuzidisha chochote. Nusukipenyo ni meta 0.6, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.36, zidisha kwa pai (3.14) upate eneo la kitako, yaani meta za mraba 1.1304, kisha zidisha kwa kimo cha meta 1.5 upate meta za ujazo 1.6956. Meta moja ya ujazo hubeba lita 1,000, kwa hiyo tangi lako linabeba takribani lita 1,696. Huenda namba yako kubwa ilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa ujazo huohuo ni sentimeta za ujazo 1,695,600. Wengi hukosea hapa kwa kugawanya kwa 100, ilhali meta moja ya ujazo ina sentimeta za ujazo 1,000,000.

Swali: Katika kutafuta eneo la uso la mche duara, mwanangu anajumlisha kitako kimoja, lakini kitabu kinajumlisha viwili. Nani yuko sahihi?

Jibu: Inategemea umbo lililoulizwa. Kopo lililofunikwa lina vitako viwili, ndoo isiyo na mfuniko ina kimoja, na bomba halina hata kimoja. Sehemu iliyopinda haibadiliki: ikikunjuliwa huwa mstatili ambao urefu wake ni mzingo wa duara na upana wake ni kimo. Mwambie asome swali hadi mwisho kabla ya kuandika kanuni.

Swali: Kwa nini ujazo wa pia (umbo lenye kitako cha duara na ncha juu) na wa piramidi hugawanywa kwa tatu? Tuliambiwa tukariri tu.

Jibu: Swali hili linastahili jibu kamili, kwa sababu kanuni iliyokaririwa bila sababu husahaulika upesi. Ukijaza mchanga kwenye pia na kuumimina katika mche duara wenye kitako na kimo sawa na vya pia hiyo, utaona kwamba mche hujaa kwa pia tatu. Lakini jaribio hilo linaonyesha tu kwamba ndivyo ilivyo, halielezi sababu. Sababu huonekana katika mchemraba. Chagua kona yake moja, kisha tazama nyuso tatu zisizoigusa kona hiyo. Kila uso kati ya hizo, ukiunganishwa na kona uliyochagua, hufanya piramidi yenye kitako cha mraba, na piramidi hizo tatu zinalingana kabisa na kuujaza mchemraba wote bila kubakiza nafasi. Basi kila moja ni theluthi yake.

Maumbo mengine yenye ncha hufuata mkondo huohuo: ukiyakata vipande vyembamba sambamba na kitako, vipande hupungua kwa uwiano uleule kadiri unavyopanda, hivyo maumbo mawili yenye eneo sawa la kitako na kimo sawa yana ujazo sawa, kitako kiwe mraba au duara. Piramidi Kuu ya Giza nchini Misri, ambayo awali ilikuwa na kitako cha takribani meta 230 kila upande na kimo cha takribani meta 147, kwa hesabu hii ilikuwa na ujazo wa karibu meta za ujazo milioni 2.6.

Swali: Katika pia, nitumie kimo au urefu wa mshazari?

Jibu: Kimo ni cha ujazo, mshazari (umbali kutoka ncha hadi ukingo wa kitako) ni wa eneo la sehemu iliyopinda. Pia yenye nusukipenyo cha sentimeta 5 na kimo cha sentimeta 12 ina mshazari wa sentimeta 13, kwa kanuni ya Pythagoras. Ujazo wake ni sentimeta za ujazo 314, na eneo la sehemu iliyopinda ni sentimeta za mraba 204.1. Ikiwa pia hiyo imefungwa chini, ongeza eneo la kitako, ambalo ni sentimeta za mraba 78.5.