Deki ya elfi wa kombo: mkono unakauka kabla hujamaliza mchezo, tatizo liko wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nacheza mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, nimejenga deki ya elfi ya kadi 60 kwa ajili ya mashindano ya aina ya Legacy. Nina ardhi 23, Elvish Archdruid 4, Ezuri 3, Craterhoof Behemoth 4, Heritage Druid 2, Nettle Sentinel 2, Glimpse of Nature 2, zilizobaki ni elfi wa kawaida. Nataka iue kwa zamu moja kama kombo ya kweli, ila kila nikishusha elfi watano sita mkono unaisha, mpinzani anafagia meza (anaua viumbe wote kwa mpigo), nimekwisha. Niongeze viumbe wakubwa? Na bila ile ardhi ya Gaea's Cradle kuna maana kweli ya kuendelea?

JIBU: Salama ndugu yangu, na asante kwa kuandika idadi zote maana ndo zimenionyesha tatizo hapohapo. Viumbe wakubwa usiongeze hata mmoja, punguza. Ulichojenga wewe ni deki ya kushambulia yenye vipande vya kombo vimepachikwa pembeni, na hivi vitu viwili vinagombana. Deki ya kushambulia inataka elfi wakae mezani wakuzwe na Archdruid, kombo inataka elfi wawe mana (nguvu ya kulipia kadi) na wawe njia ya kuvuta kadi, basi, kuua ni jambo la dakika ya mwisho.

Moyo wa deki ni kadi tatu: Heritage Druid, Nettle Sentinel na Glimpse of Nature. Hao wawili wa kwanza walitoka mwaka 2008 na mwaka huohuo Luis Scott-Vargas akabeba Pro Tour ya Berlin (mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa) na deki ya elfi, kwa hiyo hii sio nadharia, ni kitu kimeshapimwa kwenye meza kubwa kabisa.

Sasa tulia hapa kidogo kwa sababu wengi wanapita haraka. Kiumbe aliyeingia zamu hii hawezi kushambulia wala kutumia uwezo wake wenye alama ya kulaza kadi (kuigeuza ubavu kuonyesha imetumika), ndo maana Llanowar Elves ukimshusha leo mana yake unaipata kesho. Heritage Druid yeye hana hiyo alama, maneno yake yanasema laza elfi watatu waliosimama upate mana tatu za kijani, na hiyo ni gharama tu, kwa hiyo elfi aliyeingia sekunde hii anaruhusiwa kulazwa, hata Heritage mwenyewe. Nettle Sentinel naye hasimami mwanzoni mwa zamu kama kadi nyingine, ila kila ukitupa uchawi wa kijani (yani kucheza kadi ya kijani, hata kiumbe) unaweza kumsimamisha. Na Glimpse ni mana moja tu, ukishaicheza kila kiumbe unayemtupa zamu hiyo anakuvutia kadi.

Tufanye mezani una Heritage Druid na Sentinel wawili wa tangu zamu zilizopita, una ardhi mbili, mkononi Glimpse, Llanowar Elves na Elvish Visionary. Ardhi moja inalipa Glimpse. Laza Heritage na Sentinel wote wawili, una mana 3. Tupa Llanowar, unabaki na 2, unavuta kadi, Sentinel wanasimama kabla hata Llanowar hajagusa meza, akishaingia unamlaza pamoja na wale wawili unafika mana 5. Tupa Visionary wa mana mbili, unabaki na 3, unavuta kadi ya Glimpse, Sentinel wanasimama tena, Visionary akiingia anakuvutia kadi nyingine, laza watatu, una mana 6. Katika kadi tatu ulizovuta ukimpata elfi mwingine wa mana moja unatoka na 8, na 8 ndo bei ya Craterhoof, kiumbe wako wa kumalizia, kama naye umemvuta. Umevuta kadi 4 mpaka hapo na ardhi ya pili hujaigusa.

Na angalia mwisho wake jamani, hapa ndo naipenda hii deki. Craterhoof mwenyewe ni uchawi wa kijani, kwa hiyo ukimtupa Sentinel wanasimama, na safari hii usiwalaze. Mezani una viumbe saba pamoja na yeye, kila mmoja anapata +7/+7 na kukanyaga (pigo linalozidi kizuizi linampata mpinzani), Sentinel wawili wanapiga 9 kila mmoja, Craterhoof ana haraka (anashambulia zamu hiyohiyo aliyoingia) anapiga 12. Jumla 30 wakati mpinzani alianza na uhai 20. Elfi wengine wote wamelala na hukuwahitaji kabisa kwenye shambulio.

Sasa rudi kwenye namba zako. Kadi ukiweka 2 ndani ya 60, nafasi ya kuiona kwenye mkono wa kwanza wa kadi saba ni kama asilimia 22. Ukiweka 4 inafika 40. Ukiwa na 8 zinazofanya kazi moja inafika 65. Kwa hiyo Heritage weka 4, Sentinel 4, Glimpse 4, hapo hakuna mjadala, alafu weka Green Sun's Zenith 4 kwa sababu kwa mana mbili inamtoa Heritage kwenye deki mpaka mezani, yani ni kama una Heritage 8. Ila kumbuka Zenith inamweka kiumbe mezani, haimtupi kama uchawi, kwa hiyo Glimpse haivuti kadi kwa huyo. Sentinel wao wanasimama kwa sababu Zenith yenyewe ni ya kijani. Nimeona watu wanavuta kadi isiyo yao hapo na wanapewa onyo, bure tu.

Zilizobaki ningepanga hivi: elfi wa mana sampuli ya Llanowar 6 (Fyndhorn Elves na Elvish Mystic kazi ni ileile), Visionary 4, Wirewood Symbiote 4, Quirion Ranger 3, Priest of Titania 3, Natural Order 3 (unatoa kafara kiumbe wa kijani, inamleta Craterhoof kutoka kwenye deki mpaka mezani), Craterhoof 2 na ardhi 19. Ezuri na Archdruid wote nje. Najua inauma kumtoa Archdruid maana ni kadi nzuri sana, lakini ni mana tatu na mana yake inangoja zamu nyingine, mpinzani anapata muda wa kumuua. Craterhoof 4 ndo kosa kubwa zaidi, ukimwona kwenye mkono wa kwanza umeanza mchezo na kadi sita tu.

Kuhusu kufagiwa meza, dawa yake ni kutoshusha kila kitu. Ukiwa huna Glimpse, Zenith wala Natural Order mkononi, weka mezani elfi wawili au watatu wa mana uwe na Symbiote na Visionary, wengine wabaki mkononi. Symbiote mara moja kila zamu anamrudisha elfi mkononi na kusimamisha kiumbe mmoja, na zamu ya mpinzani nayo inahesabika, kwa hiyo akitupa ufagio wake unamwokoa Visionary, zamu yako ukimshusha tena unavuta kadi. Polepole hivyo unajaza mkono mpaka Glimpse ifike, ukiipata unalipuka na kila ulichokificha.

Kwenye zile kadi 15 za pembeni (za kubadilisha kati ya mchezo na mchezo) usimsahau Reclamation Sage, ni elfi na anavunja vitu kama Grafdigger's Cage. Ila Cage ikiwa mezani Zenith haiwezi kumleta maana inazuia viumbe kutoka kwenye deki, kwa hiyo weka wawili ili uwe na nafasi ya kumvuta kwa mkono. Njia ya Glimpse yenyewe Cage haiigusi.

Ukihamia Modern, aina nyingine ya mashindano, siku moja jua kwamba Glimpse imepigwa marufuku huko, watu wanatumia Collected Company na Chord of Calling, huo ni mjengo mwingine kabisa.

Haya, Gaea's Cradle. Ni ardhi inayotoa mana moja ya kijani kwa kila kiumbe ulichonacho, kwa deki hii ni nguvu kubwa, siwezi kukudanganya. Lakini ni ngumu kuipata kwa sababu iko kwenye orodha ya kadi ambazo Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, waliahidi hazitachapwa tena, na ukiangalia ile hesabu ya mana 3 mpaka 8 hapo juu, Cradle haikuwemo hata mara moja. Anza na Forest nyingi, Quirion Ranger anazitaka hizo maana anarudisha Forest mkononi kusimamisha kiumbe, kwa hiyo usijaze ardhi za aina nyingine ukamnyima kazi. Cradle ikija siku moja toa Forest moja uiweke.