Re: Kupeleka watoto bahari ya Malindi, twende upande gani?

Dada, kwa watoto nenda Casuarina, kwenye hifadhi ya bahari, kusini mwa mji. Tuktuk yoyote inafika. Hifadhi ilianzishwa 1968 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, usitegemee pesa taslimu langoni.

Umeuliza kama kuna cha kufanya zaidi ya kuogelea. Kipo, na ndicho kizuri kuliko vyote: boti za sakafu ya kioo hadi kwenye matumbawe. Asiyejua kuogelea anaona samaki akiwa amekaa, hata bibi yenu. Ila nenda maji yakiwa yamekupwa, na uulize mabaharia saa mapema, maana saa za kupwa hubadilika kila siku. Bei patana kabla ya kupanda, na boya kila mtoto avae.

Msimu mzuri ni wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Mvua kubwa zikinyesha bara, mto Sabaki humwaga matope na maji hugeuka kahawia. Kioo hakitakuonyesha kitu.

Kivuli cha mivinje kipo, chakula beba. Makombe ya baharini watoto wasiokote, ni marufuku.