Siku ya Ziada Horombo

Mara ya kwanza nilipopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, nilirudishwa usiku nikiwa nimelipita kidogo pango la Hans Meyer, huku nikitapika na kushindwa kumjibu mwongozaji aliponiuliza siku hiyo ilikuwa siku gani. Miguu ilikuwa na nguvu bado, kwani nilikuwa nimekimbia kila alfajiri kwa miezi mitatu. Kilichoniponza ni ubahili: nilichagua safari ya siku 5 badala ya 6 ili nisilipe ada ya hifadhi ya siku moja zaidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, lipia siku hiyo kabla hujafikiria kununua kitu kingine chochote. Vituo vya kulala njiani ni vitatu: Mandara iko kwenye mita zipatazo 2,700, Horombo 3,700 na Kibo 4,700, maana yake kila siku unaongeza takriban mita 1,000, ilhali kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Siku ya ziada Horombo si ya kulala. Asubuhi unapanda kuelekea kilele cha Mawenzi, unapita kwenye miamba yenye mistari kama ya punda milia, kisha unarudi kulala pale pale, na mwili unakuwa umeonjeshwa hewa nyepesi bila kulazimishwa kulala ndani yake.

Tembea kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza bila kutweta, hata kama wagumu, yaani wapagazi, wanakupita wakiwa na mizigo kichwani. Sisi tuliokua tukiutazama mlima huu kutoka Moshi ndio wakaidi zaidi katika jambo hili.

Maumivu madogo ya kichwa huwapata wengi, lakini kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, ni dalili kwamba huenda maji yanajaa kwenye ubongo au mapafu, na hapo tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata iwe saa nane za usiku. Usimfiche mwongozaji. Mimi nilimficha kuanzia chakula cha jioni, nikidai kwamba nimeshiba.

Jaketi zito unaweza kukodi, lakini viatu viwe vyako, na uwe umevivaa mwezi mzima kabla ya safari. Vyangu ni vya mitumba na havijawahi kunitesa. Usiku wa kileleni weka chupa ya maji kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza kuganda juu, na hivyo mdomo wa chupa hautaziba.

Safari ya pili, ya siku 6, nilifika Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, jua likichomoza na Uhuru baada ya saa mbili hivi. Mwongozaji alituruhusu dakika chache tu za kupiga picha, kwa sababu siku hiyo hiyo tulipaswa kushuka hadi Horombo. Kata kucha za miguu kabla ya mteremko huo; mimi sikukata, na kucha mbili za vidole gumba zilibaki ndani ya soksi.